Bonyeza Ukisubiri Chai Ichemke

Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Wakishazoeshwa watu, panya hao huanza na somo dogo mno: kidude kinabonyezwa, kinalia "tik", chakula kinafuata. Mbwa na paka wa nyumbani hufundishika vivyo hivyo, wala huhitaji kutenga saa nzima.

Kwanza upe mlio maana. Bonyeza, mpe mnyama kipande cha chakula papo hapo, rudia. Siku atakaposikia "tik" akageuka kutazama mkono wako, ameshaelewa. Tangu hapo kila mlio una malipo yake, hata ukibonyeza kwa bahati mbaya. Kama huna kidude, kalamu ya kubonyeza inatosha, tena mbwa mwoga huistahimili zaidi.

Kwa nini usimpe chakula tu? Kwa sababu mkono huchelewa. Mbwa anakaa, wewe unapapasa mfukoni, na nyama inapomfikia ameshasimama; umemlipa kwa kusimama. Mlio ndio unaowahi. Bonyeza makalio yanapogusa sakafu, kisha toa chakula bila pupa.

Wengi hungoja Jumapili, wamchoshe mnyama na kujichosha wenyewe. Dakika mbili zinatosha, nazo tayari unazo: maji ya chai hayajachemka, au mbwa anasubiri kufunguliwa geti. Weka kibakuli karibu na jiko, chenye maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vipunguze kwenye chakula chake cha siku, asije akanenepeana.

Paka nao, waliodhaniwa hawafundishiki, hunifurahisha kuliko wote. Chukua kikapu cha kumpelekea kwa daktari wa mifugo, kile anachokikimbia. Kiache wazi sebuleni. Akikitupia jicho, tik. Akikisogelea, tik. Akitia mguu mmoja, tik, kisha tupa dagaa mbali kidogo ili atoke na kurudi kwa hiari yake. Usimsukume hata mara moja. Akisita, rudi kwenye hatua aliyoimudu, na acha wakati bado anataka zaidi.

Watoto wafundishwe kwa mchezo kabla hawajamgusa mnyama. Mmoja atoke nje, wenzake wakubaliane afanye nini, kwa mfano aguse dirisha. Akirudi asiambiwe neno. Mwenye kalamu abonyeze kila mwenzake anaposogelea jambo lenyewe. Mbonyezaji akichelewa kidogo tu, mwenzake ataishia kukumbatia pazia, na nyumba nzima itacheka. Halafu wabadilishane.