Majani Yana Haraka, Mama Anangoja: Haki ya Njia Kutoka Laare

Laare ni mji mdogo wa soko katika Igembe Kaskazini, kaunti ya Meru, juu ya vilima vya Nyambene, mbele kidogo ya Maua. Wengi wetu tunaoishi Pwani hatujaufika, lakini zao lake limekwishatufikia zamani, mitaani na vibarazani mwetu. Zao hilo ni miraa. Hukatwa, hufungwa mabunda kwa majani ya mgomba ili isinyauke, kisha hupakiwa kwenye pikapu zinazoteremka kwa kasi kubwa kupitia Meru, Chuka na Embu hadi Nairobi. Haraka hiyo ina sababu yake. Nguvu ya miraa haidumu zaidi ya siku mbili hivi. Jani likikauka, kathinoni inayotafutwa na mtafunaji hupungua, na bei nayo huanguka. Kwa hiyo jani lililokatwa Laare huwahi ndege ya kwenda Somalia, au gari la kwenda Mombasa, Malindi na Lamu, kabla ya siku ya pili kwisha.

Makala hii haikusudii kurudia mjadala wa kutafuna. Mjadala huo ulivuma sana mwezi Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, ndugu yake miraa atokaye Embu, na kaunti nyingine za Pwani zikafuata. Wala hatuwalaumu wakulima wa Nyambene, ambao wengi wao husomesha watoto kwa zao hilo. Tunalotaka kuliuliza ni jingine: ikiwa mji mmoja waweza kulifikisha jani nchi ya ng'ambo likiwa bichi, kwa nini mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi kwenye miteremko ya mji huo huo asiwe na hakika ya kufika hospitalini Maua usiku wa mvua?

Gari lipo, lakini si lake

Jibu jepesi ni kwamba barabara ni mbovu. Lakini Laare yenyewe yatuonyesha kuwa jibu hilo halitoshi. Magari yapo, madereva hodari wapo, simu zipo, na mafuta hununuliwa kila siku. Kilichokosekana ni mpango unaomhesabu mama kuwa mzigo usiopaswa kuchelewa. Soko limeupangia miraa safari yake hatua kwa hatua, kwa kuwa kuchelewa kwake ni hasara ya mtu mwenye sauti. Kuchelewa kwa mama ni hasara ya nyumba moja, inayoliliwa kimya kimya.

Tutazame safari yake. Kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni njia ya udongo mwekundu, ambayo masika huigeuza utelezi. Bodaboda ndiyo tegemeo, lakini usiku nauli hupanda, na si kila mpanda pikipiki atakubali kumbeba mwenye uchungu katika giza. Matatu hungoja abiria wajae. Pikapu ya miraa haimngoji mtu. Na mara nyingi uamuzi wa kutoa nauli uko kwa mume, ambaye huenda yuko mbali kikazi.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba vifo vingi vya uzazi hutokana na kucheleweshwa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa pili ni wa njia na chombo, lakini pia huuzaa wa kwanza. Mama anayejua kwamba safari ni ghali na ya hatari huahirisha uamuzi, akitumaini kwamba Mungu atamnusuru nyumbani, hadi damu inapoanza kumtoka.

Sheria nayo imechangia. Kanuni maarufu za waziri John Michuki, zilizotolewa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyalazimisha magari ya abiria kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Magari ya mizigo yaliguswa pale tu uzito wake yakiwa matupu ulipozidi kilo 3,048. Pikapu ndogo haifiki uzito huo. Hivyo gari lenye watu lilifungwa kidhibiti, na gari lenye majani likaachiwa nidhamu ya dereva wake.

Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka. Katika barabara hizi, anayekosa baraka mara nyingi siye mwenye haraka. Nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Mwanamke anayetoka sokoni na mzigo mgongoni, na mtoto anayetembea ukingoni mwa lami kwenda shule, hawagawiwi faida ya mwendo ule, lakini hatari yake huwafika.

Safari zisizohesabiwa

Wapangaji wa usafiri hupenda kuhesabu safari ya mfanyakazi: asubuhi kwenda kazini, jioni kurudi. Safari za mwanamke hazina mstari mnyoofu hivyo. Hutoka kuchota maji, hupitia shule, huenda sokoni, hurudi na kuni, kisha humpeleka mkwewe kliniki. Ni safari fupi fupi, nyingi kwa miguu, na kwa kuwa hazina tikiti hazionekani katika mahesabu. Akipanda matatu, mzigo wake hulipiwa peke yake. Mzee asiyeweza kupanda ngazi ya gari, au kijana mwenye kiti cha magurudumu, huonekana kikwazo, ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kutumia usafiri wa umma.

Na wote hawa ni walipaji. Kila lita ya petroli na dizeli nchini Kenya hutozwa fedha za matengenezo ya barabara, na Julai 2024 tozo hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mama wa Laare anayepanda bodaboda huilipa ndani ya nauli yake, hata kama pikipiki ile hupita katika njia ambayo haijawahi kupata kifusi.

Jambo hili si la Laare peke yake. Barabara ya juu ya Nairobi, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 kwa wenye magari na wanaomudu kulipia. Mwenda kwa miguu na mpanda bodaboda hawaruhusiwi. Nasi Wapwani hatujasahau Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyosheheni abiria ilipozama na watu 272 wakaangamia. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakivuka kwenda kutafuta riziki.

Njia ina haki yake

Katika dini yetu jambo hili si dogo. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba imani ina matawi mengi, na katika hayo mna kuondoa chenye kudhuru njiani. Aliwaonya masahaba pia kwamba anayekaa njiani aipe njia haki yake, na mojawapo ya haki hizo ni kuzuia maudhi. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.), akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraki kwa kutotengenezewa njia. Ikiwa mnyama wa mbali alimkosesha kiongozi usingizi, hatuwezi sisi kusema kwamba mama wa Laare yuko mbali nasi, hali mavuno ya shamba lake yanauzwa mlangoni petu.

Tena tumeona kwamba nia ikiwepo, njia hupatikana. Somalia ilipozuia miraa ya Kenya mwaka 2020, suala hilo lilifika hadi kwa marais wa nchi mbili, na Julai 2022 ndege zikaruka tena. Jirani zetu wa Tanzania wameitumia nia kama hiyo kwa akina mama. Katika mpango wa m-mama, ulioenezwa Bara na Visiwani, mja mzito au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa karibu aliyesajiliwa katika jamii, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilijaribu vocha za kuwalipa wapanda pikipiki waliowapeleka waja wazito kujifungua, na idadi ya wanaojifungulia hospitalini iliongezeka.

Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti huduma za afya, yakiwemo magari ya wagonjwa, pamoja na barabara za kaunti. Basi vikao vya umma vya bajeti si vya wanaume wenye biashara pekee. Akina mama wahudhurie, waulize: gari la wagonjwa la wadi yetu liko wapi usiku, nani analiendesha, na mafuta yake yametengewa kiasi gani?

Yapo pia ya nyumbani. Chama cha akina mama chaweza kuweka akiba ya nauli ya dharura, kikakubaliana mapema na madereva wawili watatu waaminifu, na namba zao zikabandikwa mlangoni. Mume na mke wakubaliane kabla ya mwezi wa tisa kwamba nauli ya hospitali haingoji ruhusa ya mtu aliye safarini. Na wenye wana wanaoendesha magari ya haraka, yawe ya miraa, ya samaki au ya abiria, wawausie wapunguze mwendo penye shule na soko, na wasimpite mgonjwa njiani kwa kuwa tu mzigo wao una bei.