Kuchagua Kisu cha Mfukoni

Asubuhi, mashua zirudipo ufukoni Dunga, kilomita chache kusini mwa katikati ya mji wa Kisumu, ni kazi chache ziwezazo kufanywa bila kisu. Mvuvi hukata uzi wa wavu uliochanika, mama mnunuzi hupasua tumbo la mbuta, na msusi wa mikeka hukata na kupasua mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Kazi hizi ni mbalimbali, wala hakuna kisu kimoja kiwezacho kuzifanya zote vizuri. Hata hivyo watu wengi hununua kisu chochote kinachong'aa, wakakitia mfukoni, na siku ya haja huona kwamba hakikati, au kikajifunga ghafula juu ya vidole vyao.

Makala haya yahusu kisu cha kukunja, yaani kile ambacho bamba lake huingia ndani ya mpini. Faida yake ni kwamba makali yamefichwa, hivyo mtu aweza kwenda nacho sokoni, shambani au karakana bila kuchana nguo wala kujijeruhi. Hasara yake, ambayo wauzaji hawapendi kuitaja, ni kwamba kila kitu kinachokunjika kina mahali pa udhaifu. Bawaba ya kisu ndiyo mahali penyewe. Kwa hiyo kisu cha kukunja hakifai kupasulia kuni, kung'olea misumari, wala kufungulia makopo kwa kukipindua pindua kama mtaimbo.

Hakifai vilevile kutengenezea samaki wengi. Damu, utelezi na magamba huingia katika nafasi ya bamba na ndani ya bawaba, nako ni vigumu kufikiwa kwa kitambaa. Uchafu huo huoza, na kisu kitumikacho baadaye kumenya embe la mtoto huwa ni kisu kichafu. Wenye kazi ya samaki ufukoni hutumia visu visivyokunjwa, vyenye mpini imara, ambavyo huoshwa mara moja vikawa safi. Yafaa waendelee hivyo.

Tena kuna jambo la hatari zaidi. Mvuvi atupapo wavu huweza kunaswa mguu au mkono kwa kamba yake, na mashua ikipinduka wavu huo humvuta majini. Wakati huo mkono mmoja umeshika mashua au umenaswa. Visu vingi vya kukunja hufunguliwa kwa kuchopeka ukucha katika mfuo mdogo ulio ubavuni mwa bamba, na kazi hiyo yahitaji mikono miwili, tena mikavu. Ukucha uliolowa maji na utelezi wa samaki huteleza. Basi mtu wa ziwani asikitegemee kisu cha namna hiyo kuokoa maisha yake. Ndani ya mashua na kiwekwe kisu kisichokunjwa, katika ala, mahali panapojulikana na kila mtu aliyemo, ambapo mkono wowote waweza kukichomoa mara moja. Kisu cha mfukoni kiwe ni msaidizi wake tu.

CHUMA CHA BAMBA

Bamba hutengenezwa kwa feleji, na feleji za visu ni za namna kuu mbili. Namna ya kwanza ni feleji ya kaboni, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo sana, mara nyingi isiyozidi sana sehemu moja katika mia. Chuma hiki kikipashwa moto, kikazimishwa ghafula, kisha kikapashwa tena kwa kiasi, hupata ugumu wa kushika makali bila kuwa chepesi cha kuvunjika. Hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida. Aibu yake ni kutu. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi kama yale ya Mombasa, kwa hiyo kutu huja polepole zaidi, lakini huja; na maji ya ndimu au ya embe bichi huliacha bamba likiwa na madoa meusi siku hiyohiyo. Madoa hayo ya kijivu au meusi hayadhuru kitu. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondolewa, kwa maana hula makali.

Namna ya pili ni feleji isiyoshika kutu upesi, ambayo imetiwa madini ya kromi kiasi cha sehemu kumi na nusu katika mia au zaidi. Hii humfaa mtu ambaye mikono yake huwa majini mchana kutwa, au ambaye ajijua kuwa mvivu wa kupangusa. Lakini kung'aa si dalili ya ubora. Zipo bamba nyingi zinazong'aa kama kioo ambazo chuma chake ni laini hata makali hupinda kwa kukata kamba mbili tatu za nailoni. Mnunuzi akiwa na tupa ndogo, na aombe ruhusa aipitishe kidogo karibu na shina la bamba, mahali pasipokata. Tupa ikila chuma kwa urahisi kama ilavyo msumari, bamba hilo ni laini mno. Ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, kuna tumaini.

KOMEO

Katika mambo yote ya kuangaliwa, komeo ndilo lipitalo mengine. Kisu kisicho na komeo hushikwa wazi kwa nguvu ya springi tu. Hivyo ndivyo vilivyo visu vingi vidogo vya Uswisi vyenye vyombo vingi ndani yake, ambavyo asili yao ni karakana ya Karl Elsener iliyoanzishwa mwaka 1884, na ambavyo vilipata sifa duniani baada ya kisu cha maofisa cha mwaka 1897. Kwa kuchonga kalamu, kukata uzi au kumenya chungwa ni vyombo bora kabisa. Lakini mtu akichoma kwa ncha, au akisukuma mgongo wa bamba, springi hushindwa na makali hurudi juu ya vidole. Jeraha la namna hiyo huwa la kina, na laweza kukata mishipa inayokunja vidole. Tena likiwa limepata uchafu huweza kuleta pepopunda. Aliyejikata hivyo asifunge kitambaa tu akaendelea na kazi. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu aende zahanati akaulizwe kama chanjo yake bado ina nguvu.

Kisu chenye komeo kinachojulikana sana katika Afrika ni Okapi. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ambayo Ujerumani ilikuwa nayo Afrika wakati huo. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mwaka 1901, mwaka uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Tangu mwaka 1988 kisu hicho hutengenezwa Afrika ya Kusini. Mpini wake ni wa mti na umepambwa kwa miezi na nyota. Bamba lake ni la feleji ya kaboni. Na mgongoni kina pete ya chuma. Bamba lifunguliwapo, meno ya komeo hulia moja baada ya jingine, na halirudi mpaka pete ivutwe. Ni kisu cha watu wa kawaida, chepesi na rahisi kunolewa. Upungufu wake ni kwamba baadhi yao huwa na bamba linalochezacheza tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo kila kimoja kichunguzwe chenyewe. Tena katika Afrika ya Kusini kimepata jina baya kwa sababu ya wahuni kukipenda, na jina baya la kisu huweza kumfuata hata mwenye kukibeba kwa nia njema.

Namna nyingine ya komeo ni ukosi wa chuma uzungukao shingo ya mpini. Huo huonekana katika kisu cha Kifaransa kiitwacho Opinel, ambacho Joseph Opinel alikibuni mwaka 1890 katika milima ya Savoie, na ambacho kiliongezewa ukosi huo mwaka 1955. Kisu hiki hakina mambo mengi: mti, bamba, ukosi. Ile namba 8, ambayo bamba lake ni sentimeta nane na nusu, ndiyo yenye kadiri inayowafaa watu wengi. Lakini mtu wa Dunga na ajue jambo moja. Mpini wa mti mtupu ukilowa hufura, na ukifura hulibana bamba hata lisifunguke kwa ukucha wala kwa meno. Kwa mkulima wa nchi kavu si neno. Kwa mvuvi ni neno kubwa. Yeye heri achague mpini wa plastiki ngumu, au aunyweshe mti mafuta ya kitani mara kwa mara kabla ya kwenda nao majini.

Rangi ya mpini pia si pambo tu. Kisu cheusi kikianguka usiku ndani ya mashua ya wavuvi wa omena, kati ya nyavu na kamba, hakionekani mpaka mtu akikanyage. Chenye rangi nyekundu au ya manjano huonekana kwa nuru ya taa. Na mpini uwe na tundu la kupitishia kamba, kwa sababu kitu cha chuma kikiponyoka mkononi ziwani ndiyo buriani yake. Kamba yenyewe ifungwe kiunoni au kwenye kitanzi cha suruali, isifungwe shingoni, maana kamba ya shingoni huweza kunaswa.

Kuhusu ukubwa, bamba la kati ya sentimeta saba na tisa latosha kwa kazi zote za kila siku. Wanaopenda refu zaidi mara nyingi hupenda sura yake, si kazi yake. Ncha kali husaidia kufungua mafundo na kutoboa ngozi, lakini katika mashua inayoyumba ni hatari; ndiyo maana tangu zamani mabaharia walipendelea bamba lenye ncha butu. Makali yenye meno kama msumeno hukata kamba nene ya nailoni upesi, hata magugumaji yaliyojisokota katika parapela ya injini (injini ikiisha kuzimwa na kuinuliwa, bila shaka), ila meno hayo yakiwa butu, jiwe la kawaida haliwezi kuyanoa. Mtu asiye na kinoo maalumu achague makali laini.

Anunuaye kisu sokoni, kama vile Kibuye, asione haya kukaa nacho kwa muda. Na akifungue na kukifunga mara kumi. Akiwa amekifungua, ashike ncha ya bamba kwa upande wa mgongo alitikise kulia na kushoto. Likicheza kama jino bovu, akirudishe. Akishike mpini kwa namna ambayo vidole haviko katika njia ya makali, kisha aligonge gongo la bamba taratibu juu ya ubao. Komeo likiachia, kisu hicho si cha kununuliwa kwa bei yoyote. Bamba likifungwa lazima ncha yake izame yote ndani ya mpini, kwa kuwa ncha ikitokeza hata kidogo hutoboa mfuko na paja.

Baada ya hapo kazi yabaki kwa mwenye kisu. Kinoo kilowekwe maji, na bamba lilazwe kwa mwinamo mdogo. Njia rahisi ya kuupata ni kulisimamisha bamba wima juu ya jiwe, kulilaza nusu, kisha kulilaza nusu tena. Mwinamo ubakio ni digrii ishirini hivi, nao wafaa. Lisukumwe kama mtu anayekata kipande chembamba cha jiwe, upande huu na upande huu kwa idadi iliyo sawa, na mwisho lipitishwe kinyume juu ya mkanda wa ngozi. Kisu butu huhitaji kusukumwa kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio huteleza. Mawe ya umeme yazungukayo kwa kasi hunoa kwa dakika moja, lakini asiyekuwa fundi huchoma makali mpaka yakawa ya buluu, na rangi hiyo ni alama kwamba ugumu wa chuma umekwisha. Bawaba itiwe tone la mafuta. Ikiwa kisu hutumika kwa chakula, yawe mafuta yanayolika.

SHERIA

Kuwa na kisu cha kazi si kosa katika Kenya. Lakini Sheria ya Adhabu, katika kifungu cha 308, humhesabu kuwa na hatia mtu akutwaye na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 7 wala kuzidi miaka 15. Sheria ya Utulivu wa Umma nayo hukataza silaha za kudhuru katika mikutano ya hadhara na maandamano. Hali ndiyo itazamwayo. Kisu kilichomo mfukoni mwa mtu anayeshona nyavu mchana ufukoni chajieleza chenyewe. Kisu kilekile kiunoni mwa mtu huyohuyo usiku wa manane mjini, au katika mkutano wa kampeni, chahitaji maelezo ambayo askari huenda asiyakubali. Ni afadhali kuacha kisu nyumbani pamoja na nyavu siku za mikutano na za kwenda kunywa.

Na asafiriye kwa ndege kutoka Kisumu akitie katika mzigo atakaoukabidhi, asiende nacho mfukoni, kwa sababu wakaguzi wa uwanja watakichukua hata kama ni kidogo kama kidole.