Joto la Kericho Mbele ya Wahakiki

Mtangazaji wa redio akisema "utafiti umethibitisha", mara nyingi ana maana kwamba kuna makala iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma baada ya kupita mikononi mwa wahakiki. Watu wa Kericho na Bomet nchini Kenya wana sababu ya kutaka kujua wahakiki hao hufanya nini hasa. Mashamba yao ya chai yalikuwa kiini cha ubishi mkali wa kisayansi uliodumu takriban miaka kumi: je, malaria ilirejea nyanda za juu kwa sababu joto limeongezeka?

Muswada ukifika jaridani, wa kwanza kuusoma ni mhariri, na mingi huishia mezani pake. Unaosalimika hutumwa kwa wahakiki wawili au watatu wa fani hiyohiyo. Mara nyingi mwandishi haelezwi ni akina nani. Katika baadhi ya majarida hata wao hawaambiwi mwandishi ni nani. Kwa kawaida hawalipwi. Wakishasoma, humwandikia mhariri: ukubaliwe, urekebishwe kidogo, urekebishwe sana, au ukataliwe. Mwandishi akipewa nafasi ya kurekebisha, hujibu hoja moja baada ya nyingine, na safari hiyo huchukua miezi, zaidi pale mhakiki anapokuwa mhadhiri mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha. Wapo wanaokasirika. Mwaka 1936 Albert Einstein aliondoa muswada wake katika Physical Review kwa hasira kwa kuwa mhariri alithubutu kumwonyesha mtu mwingine kabla haujachapishwa. Mhakiki huyo alikuwa ameona kosa la kweli, na Einstein alipouchapisha kwingine alikuwa amebadili hitimisho lake.

Lakini mhakiki haendi shambani. Hapimi joto upya wala hafungui madaftari ya hospitali. Kazi yake ni kukagua kama hitimisho linabebwa na data zilizowekwa mbele yake na kama mbinu zinafaa. Data zenyewe zikiwa na walakini uliotokea mbali, kwenye hifadhidata iliyotengenezwa na watu wengine kwa nia njema, anaweza kupita juu yake bila kujua.

Ndivyo ninavyoisoma makala iliyotoka katika Nature Februari 2002. Simon Hay na wenzake walichunguza sehemu nne ambako malaria ilikuwa imeongezeka: Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikongoro nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Wakahitimisha kwamba hali ya hewa haikuwa imebadilika kwa kiwango cha maana katika karne nzima, hivyo sababu itafutwe kwingine, kwa mfano vimelea kuzoea dawa. Kwa nchi ambazo klorokwini ilikuwa inashindwa kazi, hoja hiyo haikuwa ya kubeza.

Data za joto walizotumia zilitoka katika hifadhidata ya Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Humo dunia imegawanywa miraba ya nusu digrii, yaani takriban kilomita 55 kila upande, na joto la kila mraba hukadiriwa kutokana na vituo vilivyo jirani. Kwenye tambarare, hilo halina taabu. Sasa panda matatu mjini Kericho, kwenye baridi ya mita 2,000 hivi, uteremke Soin. Kabla hujamaliza kilomita hizo 55 umeshaiacha chai nyuma, umevua sweta, na kando ya barabara kuna miwa. Mraba mmoja unaweza kumeza hali zote mbili na kukupa wastani usiomhusu mchuma chai wala mkulima wa miwa.

Desemba mwaka huohuo, Nature ilichapisha barua ya Jonathan Patz na wenzake wakitoa hoja kama hiyo kuhusu nchi za milima, pamoja na majibu ya kina Hay. Nami nauhesabu huo kuwa uhakiki kamili, tofauti ni kwamba ulifanywa hadharani, kwa majina. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakazirudia sehemu zilezile nne katika jarida la PNAS, kwa data zilizoongezwa hadi 2002, wakaona joto limepanda kote. Makala zote mbili, ya kina Hay na ya kina Pascual, zilipita kwa wahakiki, na majibu yakapingana.

Anayeona hapo kwamba uhakiki ni mchezo tu, alinganishe na majarida matapeli, ambayo hupokea ada na kuchapisha chochote. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya waziwazi, kwa majarida 304, na 157 kati yake yaliikubali. Huko hakuna Patz wa kuandika barua, kwa sababu hakuna anayesoma.

Kericho iliendelea kusomwa. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake waliiacha miraba, wakachukua vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe vya 1979 hadi 2009, wakavikagua ubora kwanza. Katika Malaria Journal waliripoti kwamba joto lilipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi.

Mwaka huohuo David Stern, Hay, Shanks na Snow, wote wakiwa miongoni mwa waandishi wa ile makala ya 2002, walishirikiana na wengine kupima tena, katika PLoS ONE. Toleo la zamani la hifadhidata halikuonyesha ongezeko hadi 1996. Matoleo mapya yalilionyesha. Vipimo vya kituo cha Kericho navyo havikuonyesha kitu vilipoishia 1995, ila vilipofika 2009 ongezeko lilikuwa dhahiri. Wakaongeza jambo jingine: wagonjwa wa malaria Kericho, walioongezeka kati ya 1994 na 2002, walikuwa wamepungua tena hadi kiwango cha chini, ilhali joto liliendelea kupanda.