VAT hotelini: Walaji tusome risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wananchi wenzangu, hasa sisi tunaotoka vijijini kwenda Mwanza mjini kwa shughuli mbalimbali, juu ya fedha tunazotozwa hotelini kwa jina la VAT.

Kodi hii ya ongezeko la thamani ilianza tarehe 1 Julai, 1998, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo. Wazee wengi huku kwetu bado wanaiita kodi ya mauzo, nami siwalaumu, maana anayeilipa ni yule yule mlaji. Kiwango kilikuwa asilimia 20. Mwaka 2009 kikashushwa hadi asilimia 18, ambacho ndicho kiwango cha kawaida.

Hivi karibuni niliagiza ugali kwa sato katika hoteli moja ya mjini. Orodha ya vyakula ilisema shilingi 11,800, bila maelezo mengine. Wakati wa kulipa nikaletewa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: shilingi 13,924. Nilipouliza, nikajibiwa, "Hiyo ni VAT, mwalimu, ni ya Serikali." Nikaomba risiti ya mashine. Mashine, eti, ni mbovu.

Ndugu Mhariri, tutazame hesabu. Sheria ya mwaka 2014 huitafuta kodi ndani ya malipo yote anayotoa mlaji. Ukilipa 11,800, unagawanya kwa 118, unazidisha kwa 18, unapata kodi 1,800. Chakula chenyewe ni 10,000. Yule bwana wa hoteli alichukua bei ya 11,800 akaiongezea asilimia 18 nyingine, yaani shilingi 2,124. Kwa maoni yangu, bei iliyoandikwa bila maelezo ni bei kamili. Kama hoteli inataka kuongeza kodi juu yake, ituambie kabla hatujanawa mikono.

Tena, si kila muuza chakula anaruhusiwa kutoza kodi hii. Anayetoza ni yule aliyesajiliwa, na tangu mwaka 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mama lishe wa Mwaloni, Kirumba, hayumo, na kwa kweli sijapata kumsikia akiitaja. Wanaoitaja ni wenye vitambaa mezani.

Utamjuaje aliyesajiliwa? Tazama risiti ya mashine, hizi zilizoanza kutumika mwaka 2010. TIN peke yake haitoshi, kwa kuwa hata mwenye duka dogo anayo. Tafuta namba ya VRN, kisha mstari unaoonyesha kodi ya asilimia 18. Pasipo VRN hakuna VAT, na fedha uliyoongezwa haifiki Hazina. Inabaki mfukoni mwa mtu. Wala tusione haya kudai risiti, kwani sheria inamtaka mnunuzi aidai.

Ninawaomba maofisa wa Mamlaka ya Mapato mkoani Mwanza, wanapopita hotelini, wasiishie kukagua mashine. Wasome pia orodha za bei, na waagize ziandikwe kwa Kiswahili kama kodi imo ndani au haimo.

Wahusika mnasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Magu, Mwanza.