Nanga ya Picha

Picha katika waraka wa kompyuta ama hukaa ndani ya mstari, ama huelea. Ile ya kwanza huhesabiwa kama herufi moja kubwa: husogea kadiri maneno yanavyoongezeka, na mstari uliowekewa kimo kamili huikata, kikabaki kipande chembamba tu. Inayoelea huzungukwa na maneno, lakini haiko huru kama jina linavyodokeza. Imefungwa kwenye aya moja kwa nanga. Picha ikichaguliwa, Microsoft Word huonyesha kando ya aya hiyo alama yenye umbo la nanga ya chombo. Aya ikihamia ukurasa unaofuata, picha nayo huhama. Aya ikifutwa, picha hufutika pia, hata ikiwa imekaa mbali nayo. Ndiyo maana mfasiri anayefuta aya nzima ili aandike tafsiri yake hupoteza mchoro asioukusudia. Heri aikokote kwanza nanga kwa kipanya hadi aya nyingine. Tena, “picha iliyo hapo juu” ni maneno ya hatari katika tafsiri, kwa kuwa urefu wa matini hubadilika. “Picha ya 3” hubaki kweli popote itakapoangukia.