Risasi za Kujijazia: Isipolia, na Ikilia Kidogo



Huku Marekani kujijazia risasi nyumbani ni jambo la kawaida, na baadhi yetu tumeliingia, mimi nikiwemo, kwa revolva ya .38 Special. Kwanza tuelewane kwa maneno, maana "risasi" kwetu ni madini na ni kitu kizima. Hapa nitasema ganda, fataki, baruti na kichwa, yaani kile kinachoruka.

Watu wanachanganya matatizo mawili: risasi iliyokataa kulia, na ile iliyolia "pu!" kama kizibo cha chupa. Ya kwanza inaudhi tu ukiwa na subira. Ya pili ndiyo ya kuogopa.

Umefyatua, nyundo imegonga, kimya. Usifyatue tena! Elekeza mtutu kwenye shabaha uhesabu sekunde 30 angalau, maana moto huweza kuchelewa. Ukifyatua tena silinda inazunguka, na ile iliyochelewa ikilipuka haina tena mtutu mbele yake. Kisha itoe utazame kitako. Alama ya nyundo ikiwa ya juujuu, huenda springi imelegezwa ili bastola iwe nyepesi kufyatua (mafundi wengi wanapenda hivyo), au fataki haikuzama. Fataki isiyozama ina dalili yake: pigo la kwanza linaisukuma ndani, la pili linailipua. Ipapase kwa kidole. Yapasa iwe chini kidogo ya usawa wa kitako. Alama ikiwa nzito na bado kimya, basi fataki yenyewe ni mbovu.

Sasa ile "pu". .38 Special ilitoka 1898, ganda lake limerithi vipimo vya enzi ya baruti nyeusi, kwa hiyo ni pana. Baruti ya leo isiyo na moshi hujaza sehemu ndogo tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuruka ganda, au akatia mara mbili wala isimwagike. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kikanasa mtutuni, na risasi inayofuata ikikikuta pale, mtutu huvimba au kupasuka mkononi mwako. Kwa hiyo mlio ukipungua, acha hapohapo. Toa risasi zote, pitisha kijiti mtutuni uone kama kinatokea upande wa pili. Silinda ikigoma kuzunguka, huenda kichwa kimekwama nusu huku nusu kule, usilazimishe.

Mtutu ukiwa wazi lakini umeona chembe za baruti zisizoungua, mdomo wa ganda haukubanwa sawasawa, au baruti ni chache. Wapo wanaodhani kupunguza baruti ndiyo usalama. Si hivyo hata kidogo: chini ya kile kiwango cha chini cha kitabu, kichwa chenye koti la shaba hunasa upesi kuliko cha madini matupu.

Mimi hupanga maganda 50 kwenye trei chini ya taa na kuchungulia kila moja kabla ya kutia kichwa hata kimoja.