Bunduki Langoni mwa Shule: Safari ya Vizazi Vitatu Kaskazini Mashariki

Juzi binti yangu alitoka shuleni hapa Minnesota akanionyesha zoezi walilofundishwa siku hiyo: taa zinazimwa, mlango unafungwa kwa ufunguo, watoto wanajikunyata pembeni kimya mpaka mwalimu aseme basi. Akaniuliza, "Aabo, na ninyi Habaswein mlifanya hivi?" Nikamwambia hapana. Lakini jibu hilo halikutosha. Kwetu bunduki na shule vina historia ndefu, na kila kizazi kimeiona bunduki kwa namna yake.

Kwa wasiopajua, Habaswein ni mji wa Wajir Kusini, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye barabara ya Garissa kwenda Wajir. Jina lake kwa Kisomali ni vumbi kubwa.

Tuanze na babu zetu. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo letu, na vita vya Shifta vikapamba moto. Mapatano yalipatikana 1967, lakini hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. Mwenye bunduki alikuwa askari au shifta, yaani mwasi. Raia alibanwa katikati. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, nyumba za mtaa wa Bulla Karatasi zilichomwa moto, na wakazi wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, juani, wakilindwa kwa mtutu. Uwanja ambao watoto walichezea mpira uligeuzwa zizi la watu. Februari 1984 yakafuata mauaji ya Wagalla, Wajir, mikononi mwa askari. Mzee aliyepitia hayo akimwona askari karibu na shule, moyo humwenda mbio.

Kizazi cha baba zetu kilikuta mambo mengine. Mwaka 1991 Siad Barre alianguka Somalia na Mengistu Ethiopia, na silaha zikamiminika mpakani. Koo zikapigana Wajir, na mfugaji akaanza kuiona bunduki kama kinga ya ngamia wake. Walioituliza hali hiyo walikuwa akina mama, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, na wazee waliokubaliana Azimio la amani la Al Fatah mwaka 1993.

Kisha, kwa kizazi chetu, ikaja tarehe 2 Aprili 2015. Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kabla ya kuwa chuo kikuu, mahali pale palikuwa chuo cha kufundishia walimu. Baadaye walimu waliuawa Qarsa, Wajir, mwaka 2018, na Kamuthe, Garissa, Januari 2020. Walimu wasio wenyeji wakahamishwa, na madarasa mengi yakabaki na watoto bila mwalimu. Ndipo wazazi wakaanza kudai polisi wenye silaha shuleni. Wajukuu wa waliowekwa juani kwenye uwanja wa shule ndio leo wanaomba askari asimame langoni.

Siwalaumu. Mimi pia ningeomba. Lakini askari atafaa tu akiaminiwa na mama anayemletea mtoto asubuhi, na imani hiyo haiji huku majeraha ya Bulla Karatasi na Wagalla yakiachwa wazi. Tume ya ukweli iliyochunguza mauaji hayo ilitoa ripoti yake mwaka 2013. Waathiriwa bado wanasubiri haki.

Tumkumbuke pia mwalimu Salah Farah. Desemba 2015 basi alilopanda lilivamiwa na Al-Shabaab Mandera, naye na abiria wenzake Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hakuwa na bunduki.

Ndugu zangu wa ughaibuni, tukichanga safari hii, tuchangie karo ya ualimu kwa vijana wa Habaswein. Mwalimu mzaliwa wa pale hana kwao kwingine kwa kuhamishiwa.